Nimepita maduka saba ya dawa, sijapata kazi

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada ya famasi, huu ni mwezi wangu wa nne chuoni. Naishi Makorora kwa mjomba. Nauli na gharama za kudurufu zinanielemea, na isitoshe nataka niijue kazi kabla sijamaliza masomo. Nimepita maduka saba ya dawa hapa Tanga mjini, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni. Sita wameniambia niache namba watanipigia, na hakuna aliyepiga. La saba, mwenye duka ameniambia nianze leo leo: nikae kaunta kuanzia saa moja usiku hadi saa nne, peke yangu, kwa kuwa mtoa dawa wake huondoka saa kumi na mbili jioni. Atanipa shilingi 5,000 kila usiku. Mjomba anasema nikubali, riziki haikataliwi. Mimi moyo unasita. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Makorora

Marahaba mwanangu. Moyo wako unasita kwa haki, usiusukume. Mwambie mjomba, kwa heshima zote, kwamba ulichopewa pale ni dhamana ya mtu mwenye leseni, nawe leseni bado huna. Tangu Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, anayemkabidhi mgonjwa dawa sharti awe mtu anayetambuliwa na Baraza la Famasi. Mwanafunzi hujifunza chini ya macho ya msimamizi wake. Mkaguzi akikukuta peke yako saa mbili usiku, mwenye duka atakuwa kwake anakula, wewe ndiye utakayeulizwa. Lakini mkaguzi siye ninayemhofia zaidi. Ngoja nikueleze.

Nami nilikuwa mwaka wa kwanza kama wewe. Duka nililopata lilikuwa hapa hapa Ngamiani, na siku ya nne tu bosi akaniachia kaunta akaenda sokoni. Akaja mama mmoja kanunua dawa ya maji ya mafua, yenye klorofenamini, ya mtoto wake wa miaka sita. Nikaitazama chupa, nikasoma vizuri kabisa, nikamwambia: "Kijiko kimoja, kutwa mara tatu." Nikajiona mtaalamu. Kesho yake asubuhi mama yule akarudi, kanga begani, chupa mkononi. Chupa ya mililita 60 ilikuwa imebaki unyevu tu chini. Akaniambia dawa imekwisha na mtoto analala tu, ukimwamsha anafumba macho, hata uji hataki. Nikamwomba anioneshe kijiko anachotumia. Akafungua mkoba, akatoa kijiko cha kulia wali.

Kijiko nilichokuwa nacho kichwani mimi ni cha mililita 5. Kile cha mezani huchukua hadi 15. Mtoto alikuwa amepewa mara tatu ya kipimo, kila mara, tangu jana mchana. Tulimpeleka hospitali ya Bombo, akaangaliwa, na alhamdulillahi jioni aliruhusiwa akiwa anaomba maji. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Mbona hukunambia kijiko kipi, mwanangu?" Nikakosa jibu. Lebo nilikuwa nimeisoma sawasawa. Pale kaunta alikosekana mtu mzima wa kazi hii, ambaye angeninong'oneza: mpe kile kijiko cha plastiki cha mililita 5, na umwonyeshe mstari kwa kidole.

Ndiyo maana nasema usikae kaunta peke yako. Kitabu kitakufundisha mililita. Kijiko kilichomo mkobani mwa mama wa watu utafundishwa na aliyesimama pale miaka.

Sasa tuje kwenye yale maduka sita. Nina hakika ulipita asubuhi. Saa tatu mpaka saa tano ndipo watu wanatoka kliniki na vyeti vyao mkononi, na hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza maombi ya mtu. Ijumaa mchana nayo iache. Nenda siku ya kawaida, baada ya adhuhuri, saa nane hivi, jua likiwa kali na duka limetulia. Ukiingia, tazama kwanza ukutani. Vibali hutundikwa pale, na jina la msimamizi wa kitaalamu utalisoma. Muulizie huyo kwa jina lake, kwa kuwa kijana aliye kwenye droo ya pesa hana uwezo wa kukuajiri. Na ukiona ukuta mtupu, nunua maji ya kunywa, shukuru, toka.

Kingine, usiseme "natafuta kazi yoyote". Maneno hayo yanamchosha mtu, kwa sababu yanamwachia yeye mzigo wa kukutafutia la kufanya. Chukua barua ya utambulisho chuoni, ibane pamoja na ratiba yako ya vipindi, useme hivi: nina nafasi Jumamosi saa mbili hadi saa kumi, na Jumatano jioni. Naweza kupokea mzigo, kupanga rafu, kuhesabu stoo na kuandika leja. Dawa sitoi mpaka uniruhusu, na ukiniruhusu nitatoa ukiwepo. Mimi nimesimamia duka miaka mingi, na kijana aliyekuja na sentensi hiyo ya mwisho nilimpa kiti siku ile ile.

Jaribu pia maduka ya dawa ya jumla. Wanafunzi wengi huyapita kwa kuwa hayana koti jeupe wala wagonjwa, ilhali wao ndio wenye makatoni ya kufunguliwa, kuhesabiwa na kufungwa upya, na siku za mzigo mikono yao haitoshi.

Najua stoo si uliyoiota. Hata hivyo, miezi sita ya stoo ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo. Utajifunza kusoma tarehe: dawa iliyoandikwa mwezi 06 wa mwaka fulani bila siku, hutumika mpaka mwisho wa Juni. Inayoisha mapema inakaa mbele, hata kama imeingia leo. Utajua kwa nini katoni haigusi sakafu wala ukuta bali hupandishwa kwenye chaga za mbao, maana unyevu wa bahari yetu hupanda taratibu na vidonge huharibika kabla hujaona doa. Kipimajoto kitakuzoesha. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na wakati wa kaskazi, chumba kisicho na feni hapa Tanga huzipita saa tano tu ya asubuhi. Insulini ni nyuzi 2 hadi 8, katikati ya friji, isiguse barafu, maana ikiganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Joto la friji huandikwa daftarini asubuhi na jioni. Omba uwe wewe unayeandika.

Na majina! Kloropromazini ya wagonjwa wa akili na kloropropamidi ya sukari, zisome mara mbili uone zinavyofanana. Ukizipanga rafu moja, siku moja mkono wa mtu aliyechoka utachukua isiyo yenyewe. Mwenye kupanga rafu ameshika usalama wa wagonjwa asiowaona.

Beba daftari dogo. Kila siku ya kazi andika dawa tano kwa jina lake halisi, siyo la kibiashara: inafanya nini, dozi yake, onyo lake. Andika na lugha ya vyeti. Daktari akiandika 5/7 anamaanisha siku tano, 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja. Nimewahi kuona kijana anahesabia vidonge "vitano kati ya saba". Tulimrekebisha kwa upole, lakini mgonjwa alikuwa mbele yake anatazama.

Kuhusu malipo, yazungumzeni kabla ya kuanza. Ukikubali kujitolea, iwe kwa muda unaojulikana, mwezi mmoja nasema mimi, na nauli na chakula cha mchana visikosekane hata hapo. Baada ya hapo unazalisha, ulipwe. Mitihani ikikaribia aga mapema, rudi ikiisha. Msimamizi mwema atakuelewa, naye alipita huko.

Yule wa 5,000 mrudie ukamjibu kwa adabu: "Nitakuja saa tisa mchana, muda ambao mtoa dawa yupo, nijifunze kwake, na nitaondoka naye." Akikubali, umepata kazi. Akikataa, amekuonyesha alikuwa anakutakia nini.

Asalaam aleikum dada. Nina duka la dawa muhimu huku Muheza. Kijana wa jirani, mwaka wa kwanza wa famasi, ameomba kazi ya likizo. Nimpe nini cha kufanya?
Mwenye duka, Muheza

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mpokee. Kumbuka tu mpango wa maduka yetu haya ulivyoanza Ruvuma mwaka 2003, nia yake ikiwa watu wa vijijini wapate dawa salama kwa mtu aliyefunzwa. Kijana wako bado hajafunzwa, kwa hiyo kiti chako cha kaunta kibaki chako. Mpe daftari la mauzo, mpe hesabu ya stoo ya mwisho wa wiki, mwoneshe orodha ya dawa ambazo duka lako linaruhusiwa kuuza, na mweleze kwa nini nyingine unamwelekeza mgonjwa aende famasi.

Kisha mpe kazi moja ya kuzungumza na watu, maana bila hiyo atarudi chuoni kama alivyokuja. Mweke kwenye benchi na kina mama waliokuja kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Awaoneshe kwa vitendo kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini: mikono inaoshwa, maji safi yanapimwa kwa chombo cha lita kama pakiti ilivyoandika, pakiti inamiminwa yote, na kinachobaki baada ya saa 24 kinamwagwa. Halafu zinki, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Wewe kaa karibu umsikie. Akisahau kusema zile siku, mkamilishie pale pale, mama asije akainuka bila kuzisikia.