Je, stafeli linatibu saratani?

SWALI: Shangazi yangu anatibiwa saratani ya matiti na bado amebakiza awamu kadhaa za tiba ya kemikali. Jirani amemletea unga wa majani ya mstafeli na kumhakikishia kwamba mti huo una nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali, hivyo hana haja ya kuendelea kuteseka na tiba. Je, kuna ukweli wowote katika madai hayo? Na kama hakuna, anaweza kula stafeli kama tunda tu?

JIBU: Ndugu msomaji, mpe pole shangazi yako, na umsihi asikatishe tiba yake hata kwa wiki moja kwa ajili ya unga huo. Hadi sasa hakuna majaribio ya kitabibu kwa wagonjwa yaliyothibitisha kwamba stafeli, majani yake au mbegu zake hutibu saratani ya aina yoyote.

Hesabu ya mara 10,000, hata hivyo, haikuzuliwa, na pengine ndiyo sababu inawashika watu wengi. Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1996 wa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, ambao walitenga kiini kimoja cha kundi la asetojenini, yaani kemikali za asili za mimea ya jamii ya mstafeli, na kukijaribu juu ya chembe za saratani ya utumbo mpana, wakaona kwamba kilihitajika kiasi kidogo mno kuziua kikilinganishwa na doksorubisini, mojawapo ya dawa za tiba ya kemikali. Wanaoeneza habari hiyo husahau kusema kwamba kiini hicho kilitolewa kwenye mbegu, si kwenye nyama ya tunda wala majani, na kwamba chembe zilizouawa zilikuwa kwenye vyombo vya maabara, si mwilini mwa mgonjwa. Katika vyombo hivyo hata chumvi ya mezani, ikizidi, huua chembe za saratani.

Asetojenini hufanya kazi kwa kuzuia mitokondria, yaani sehemu za chembe zinazotengeneza nishati, kuzalisha nishati hiyo, na chembe zenye afya, hasa za neva, nazo huitegemea nishati hiyo. Mwaka 1999, watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, waliripoti kwamba wagonjwa wengi wenye dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko na ukakamavu wa mwili), lakini wasiopata nafuu ya kutosha kwa dawa ya kawaida ya levodopa, walikuwa na mazoea ya kula mastafeli na kunywa chai ya majani yake. Baadaye panya waliodungwa anonasini, mojawapo ya viini hivyo, walipata madhara kwenye ubongo. Ushahidi huu hautoshi kusema kwamba stafeli ndilo lililowafanya wagonjwa wale waugue, lakini kwangu unatosha kumkataza mtu kunywa chai ya majani au kumeza vidonge vyake kila siku. Isitoshe, katika majaribio ya wanyama majani hayo yameshusha sukari na shinikizo la damu, kwa hiyo anayetumia dawa za maradhi hayo anaweza kujikuta sukari au shinikizo lake limeshuka kupita kiasi.

Kuhusu kulila kama tunda, kipande cha mara mojamoja hakina ubaya kwa watu wengi. Gramu 100 za nyama yake zina takriban miligramu 20 za vitamini C, gramu 3 za nyuzinyuzi na miligramu 280 za potasiamu, pamoja na sukari ya gramu 13 hivi, ambayo mwenye kisukari hana budi kuihesabu. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza kuhusu potasiamu. Anayetengeneza juisi atoe mbegu zote kabla ya kusaga, kwa kuwa zina sumu na mashine huzivunja zikachanganyika na kinywaji.

Huo unga aliopewa, shangazi yako aupeleke kliniki katika miadi yake ijayo na amweleze daktari kama ameshautumia, kwa kiasi gani na tangu lini, hata kama anaona haya kusema.