Je, alizeti zitaondoa risasi kwenye udongo?

SWALI: Kiwanja changu kiliwahi kutumika kuyeyushia betri chakavu za magari. Maabara imepima udongo na kukuta risasi (metali iitwayo "lead" kwa Kiingereza) nyingi. Nasikia alizeti hufyonza metali nzito, na wapo bakteria wanaozila. Nianze na kipi?

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo. Bakteria hula dizeli kwa sababu dizeli huvunjika ikawa maji na kaboni dioksaidi. Risasi ni elementi, haina pa kuvunjikia. Kiumbe hai anaweza kuihamisha, kuifunga au kuibadili umbo la kikemia tu, basi.

Tupige hesabu ya alizeti. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ina udongo wa tani 2,600 hivi. Kupunguza miligramu 400 za risasi katika kila kilo ni kutoa takribani tani nzima ya risasi. Mavuno ya tani 10 kavu yenye miligramu 100 kwa kilo (nami hapo nimekuwa mkarimu, maana risasi hung'ang'ania udongo na kidogo inayoingia hukwama mizizini) yatatoa kilo moja. Utavuna mara elfu moja. Ukiuziwa kemikali ya kuilegeza risasi ili mmea uifyonze, kataa: mvua itaishusha kwenye maji ya ardhini.

Mimea yenye uwezo huo ipo, ila kila mmoja na metali yake. Mwaka 2001 watafiti wa Florida waliripoti kangaga liitwalo Pteris vittata, ambalo majani yake hulimbikiza aseniki, sumu nyingine ya udongoni, hadi zaidi ya asilimia 2 ya uzito mkavu. Kwa risasi halikusaidii. Nao bakteria wanaotumia salfeti badala ya oksijeni huzigandisha metali zikatuama kama tope, lakini hutaka mahali pasipo hewa. Hao ni wa maji ya migodini, si wa udongo wako wa juu.

Kwako, lengo liwe kuifunga risasi hapo ilipo. Fosfeti, yaani chumvi ya fosforasi kama iliyomo kwenye mbolea, huigeuza kuwa madini yasiyoyeyuka kirahisi, kisha nyasi nene huzuia vumbi, ambalo ndilo huwafikia watoto. Usipande chakula, wala usilishe mifugo nyasi hizo. Penye sehemu zilizozidi sana, udongo uchimbwe na kupelekwa dampo la taka hatarishi.

Kabla ya kununua fosfeti, rudi maabara wakupimie pH (kiwango cha uchachu wa udongo) na aseniki. Aseniki ikiwepo, fosfeti hiyohiyo itaifungulia mlango, yaani itailegeza kutoka kwenye udongo.