Mkaa umekatazwa na sera, sheria au muswada?

"Shikamoo mwalimu. Nauza kahawa Ngamiani hapa Tanga, jana barazani kwangu watu nusura wamwagiane vikombe. Mmoja kasema mkaa sheria imeshaukataza, mwengine kasema hiyo sio sheria ni sera, kijana mmoja nae akaleta muswada. Nani kapatia?"

Marahaba. Hakuna aliyepatia, wote watatu wakulipe kahawa.

Ukitaka kuyajua haya maneno usiyaangalie yenyewe, angalia vitenzi yanavyotembea navyo. Muswada unapelekwa bungeni, unasomwa, unajadiliwa, wabunge wanaupitisha, afu Rais akishatia saini ndo unakuwa sheria, jina la muswada linabaki huko nyuma. Kwa mfano kule Marekani Biden alitia saini Agosti 2022 ile ya ruzuku za nishati safi, sasa mtu anayeiita muswada mpaka leo kachelewa, ilishakuwa sheria, na Julai 2025 Trump akasaini nyingine iliyozikata nyingi ya zile ruzuku. Hapo ona, sheria inakatwa na sheria mwenzie, muswada peke yake hauwezi kuigusa.

Sheria inavunjwa. Hiki ndo kipimo changu nakipenda kuliko vyote. Mtu kavunja sheria, kashtakiwa, kapigwa faini, sawa. Kuna aliyewahi kupelekwa mahakamani kwa "kuvunja sera"? Sera inafuatwa au inapuuzwa basi, ni msimamo wa serikali kuelekea jambo fulani, kama Sera ya Taifa ya Nishati ya 2015. Sheria ya mazingira tunayo ya 2004 na hiyo ukiivunja utajua.

Na hiyo habari ya kupikia inayowagombanisha, yani asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, ni mkakati, ulizinduliwa Mei 2024. Mkakati unazinduliwa, unatekelezwa, unakwama, lakini haumkamati mama ntilie na jiko lake la mkaa. Kilichokataza ni kitu kingine tena, serikali iliziambia taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, mashule na majeshi huko, ziachane na kuni na mkaa. Hilo Kiswahili chake ni katazo, neno zuri tu sijui kwanini watu wanalikwepa. Katazo linatolewa, halipitishwi, na mara nyingi linaegemea sheria iliyopo tayari. Kwahiyo jiko lako la kahawa endelea kulipepea.

Huyo kijana nae usimcheke sana, neno lake lenyewe linachanganya. Tahajia ya Bunge letu ni "muswada", ya Wakenya ni "mswada", na mwandishi wa vitabu akikwambia mswada wake uko kwa mchapaji anamaanisha yale makaratasi aliyoandika kabla hayajawa kitabu. Wingi wake miswada, sio "mamuswada" kama nilivyosikia kwenye daladala ya Raskazone juzi.