Wi-Fi ya wateja na kompyuta ya keshia zitenganishwe

Ndugu, umeeleza kwamba wateja wa mgahawa wako hutumia Wi-Fi ileile ya kompyuta ya keshia, na kwamba nywila imebandikwa ukutani tangu mlipofungua. Ningeanza hapo hapo, kwa kuwa ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) nyingi za siku hizi huweza kutoa mtandao wa pili wa wageni, ambao hauruhusu simu ya mteja kuifikia kompyuta hiyo. Mtandao wa kazini uupe ulinzi wa WPA3, kiwango kipya cha usimbaji wa Wi-Fi, au WPA2 iliyoitangulia ikiwa vifaa ni vya zamani. WEP, kiwango cha zamani zaidi, usiiguse, kwani udhaifu wake umejulikana tangu 2001. Zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nywila), kisha ubadilishe nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ambayo wengi (nami nilikuwa mmoja wao) huiacha "admin".

Kuhusu ufuatiliaji, kila Jumatatu fungua ukurasa wa ruta utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ukivipa majina kama "keshia" na "printa ya jikoni", ili kifaa kigeni kijitokeze chenyewe. Usikimbilie kumshutumu mtu, maana simu nyingi mpya hujipa anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) ya kubuni, na uliyoidhania ya mwizi huenda ikawa ya mhudumu wako. Mfanyakazi akiacha kazi, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.