Kaakaa lilishonwa, mbona bado anaongelea puani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu alizaliwa na kaakaa wazi, yaani paa la kinywa lina tundu, akashonwa akiwa na mwaka na miezi miwili, saivi ana miaka 6 yuko la kwanza. Anaongelea puani wenzie wanamcheka, na TV mpaka aweke sauti juu. Ndo basi tena au opareshen ilifeli?

JIBU: Marahaba mama. Haijafeli lazima, maana kushona kunafunga tundu, ila lile kaakaa laini kule nyuma linatakiwa linyanyuke lizibe njia ya pua mtu akiongea, na kwa watoto wengine linabaki fupi au halina nguvu. Jaribu hivi, chukua kioo kidogo weka chini ya pua yake mwambie aseme "papa, pipi, kaka", kikipata ukungu ujue hewa inapita puani. Mcheki pia kama uji unamtokea puani, huenda kuna katundu kamebaki. Kuna mazoezi ya kuongea, na ikibidi anaongezewa opareshen, miaka 6 hujachelewa kabisa.

Ila hiyo TV ndo imenishtua zaidi. Misuli ya kaakaa ndo inafungua mrija unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua, isipofanya kazi vizuri mrija haufunguki, kwa hiyo watoto hawa wanajaa sana majimaji masikioni, apimwe usikivu mapema na mwalimu amkalishe mbele.

Halafu kama ufizi nao ulipasuka, kwenye miaka 8 mpaka 11 huwa wanapandikiza mfupa kabla jino la chonge halijatoka. Dar, hospitali ya CCBRT wanashughulika na watoto hawa, nenda na karatasi zake za zamani.