Mkate wa jana: kicheko ndani ya atelye ya kusude

Saa nane mchana, baada ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, hakuna mtu anayetaka kusikia habari za hidrojeni. Nimefundisha kuchomelea chuma, au kusude kama tunavyosema hapa Lubumbashi, Kongo, kwa miaka 11, na saa hiyo naijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Mabati ya atelye, karakana yetu, yameshika moto, vijana 18 wamebanana kwenye mabenchi, na ukutani projekta inaonyesha maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa na mtu asiyewahi kuungua kidole. Nusu yao wanatikisa kichwa. Ukiwa mgeni utadhani wanakubali, kumbe wanasinzia.

Miaka ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: uso wa mawe, sauti ya juu, "andika!" Mtihani wa maandishi walifaulu karibu wote. Halafu tukiingia kazini, yule yule aliyeandika vizuri kwamba bageti zenye unyevu hazifai, ninamkuta amechukua bageti kwenye boksi lililolala wazi karibu na mlango, mwezi wa kwanza, mvua ya Katanga ikinyesha kama imelipwa.

Kwa asiyekuwa wa kazi hii: bageti ni ule mshikaki wa chuma uliovikwa unga mgumu, ambao mchomeleaji anauyeyusha kuunganisha vyuma. Jina ni lile lile la mkate mrefu anaouza mama pale getini. Ziko za aina nyingi, lakini zile za 7018, tunazotumia kwenye kazi nzito, hazipatani kabisa na maji. Zikipata unyevu lazima zikaushwe kwenye tanuri lake, joto la nyuzi 300 na zaidi, saa moja au mbili, halafu zikae kwenye joto mpaka zitumike. Usipofanya hivyo, unyevu unatoa hidrojeni, hidrojeni inajificha ndani ya chuma, na mshono unaoonekana mzuri leo unaweza kupasuka kesho au keshokutwa. Hilo ndilo gumu kufundisha. Kosa ambalo halionekani siku linapofanyika, nani atalihofia?

Siku moja kijana mmoja wa Katuba alichukua bageti kutoka kwenye lile boksi, akaigonga kidogo mezani, unga ukadondoka. Akasema, bila kukusudia kuchekesha, "Shefu, hii iko sawa mukate ya jana." Yaani ni kama mkate wa jana.

Watu wakacheka. Nilitaka kuwanyamazisha, kama kawaida yangu. Sijui nini kilinizuia. Nikamwambia, "Mukate ya jana utaichovya mu chai. Hii utaichovya mu nini?"

Wakacheka zaidi, na nikaona macho 36 yote yako wazi, saa nane mchana. Basi nikaendelea. Nikawauliza, mtu akila mkate uliooza, tumbo linamuuma saa ngapi? Wakajibu: usiku, au kesho yake. Wakati wa kula anajisikiaje? "Bien!" Nikawaambia, chuma nacho kinakula hivyo hivyo. Leo kimeshiba na kinang'aa. Fundi mkuu anapita, anakusifu, mnapiga picha. Tumbo litaanza kukiuma baada ya saa 48, wewe ukiwa nyumbani, mtu mwingine akiwa amesimama chini ya ile boriti.

Hapo kicheko kikakatika chenyewe. Sikuhitaji kupaza sauti.

Wiki iliyofuata nilifanya hila. Niliacha boksi wazi makusudi usiku mzima, asubuhi nikaliweka juu ya meza ya kazi kana kwamba ni la kawaida. Wa kwanza kulifikia alilisukuma pembeni akapiga kelele: "Mukate ya jana!" Hakuna hata mmoja aliyeligusa. Leo nasikia neno hilo liko mpaka Kolwezi, wamelipeleka vijana waliopata kazi huko, na wanaolisema wengine hawajui lilitoka kwa nani. Yule kijana wa Katuba anastahili kulipwa.

Sasa msikimbilie kununua kitabu cha vichekesho. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshajaribu utani, na ulinishinda. Mtu alinishauri nianze kila somo na kichekesho cha kuwaamsha. Nilikuwa na kimoja kikali sana cha mchungaji na mbuzi, ambacho sitakisimulia hapa kwa sababu mama yangu anasoma. Waliamka kweli. Mwezi mmoja baadaye nikakutana na mmoja wao soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, akaniita mbele ya watu, "Shefu wa mbuzi!" Nikamuuliza, presha ya asetilini, ile gesi ya kuchomelea, kwenye mpira isizidi ngapi? Akacheka tena. Jibu ni bar 1.5, na ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu asetilini ikibanwa kupita hapo inaweza kulipuka yenyewe. Yeye alibaki na mbuzi.

Kicheko kinashika pale unapokifunga. Nilikifunga kwa mbuzi, wakaondoka na mbuzi. Kwa hiyo siku hizi sitafuti kichekesho kwanza. Natafuta lile kosa moja ambalo watu wanalirudia, nalitazama mpaka nione upuuzi wake, na kila kosa lina upuuzi wake ukilikazia macho. Mtu anayetafuta mahali gesi inapovuja kwa kuwasha kiberiti, badala ya kupaka maji ya sabuni na kutazama mapovu, hahitaji nimwongezee chumvi. Namuuliza tu: ukiipata, utamwambia nani?

Dada yangu, ambaye hajawahi kushika mashine ya kusude, anafanya hivyo hivyo na wasichana anaowafundisha kaunta. Ninyi wenzetu wa mbali mjue kwamba hapa tunalipana kwa dola na kwa faranga, na dola iliyochanika hata kidogo pembeni hakuna atakayeipokea kwako. Msichana akiipokea kwa haraka, hasara ni yake. Dada anawaambia noti ya dola 100 ni mchumba aliyekuja kuposa: mgeuze mbele na nyuma, mpitishe kwenye mwanga, mpapase shingoni, na usimkubali kwa sababu tu amenyooka. Wasichana wanacheka na mikono inafanya kazi. Nimewaona wakikagua noti huku wakinong'ona, "Na huyu, wazazi wake ni nani?"

Nije kwenye lililo baya, maana ndilo lililonisukuma kuandika.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, mpole, Kifaransa chake cha kusoma kilikuwa cha kujikokota. Siku moja nilimpa asome kwa sauti karatasi ya detanderi, kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye chupa ya oksijeni. Alilivunja neno lenyewe mara tatu. Nami, nikiwa nimeshalewa sifa za mkate wa jana, nikamwigiza. Sauti yake, shingo yake, jinsi alivyofuata mstari kwa kidole. Darasa lilipasuka. Naye alicheka. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa.

Siku nne hakuuliza swali. Sikuliona hilo wakati ule, nimelihesabu baadaye. Siku ya tano alikuwa anafunga detanderi kwenye chupa mpya na nati ilikuwa ngumu. Akafanya kile ambacho kila mtu aliyewahi kutengeneza baiskeli angefanya: akachukua kitambaa chenye grisi. Papa mmoja, yaani baba mtu mzima, aliyekuwa anarudia mafunzo ili apate cheti, akamdaka mkono kitambaa kikiwa karibu kabisa na uzi wa nati. Oksijeni ya chupa ikikutana na grisi kwa presha ile haingojei kiberiti. Grisi inawaka papo hapo, na detanderi inageuka bomu usoni mwako.

Nilimvuta pembeni nikamuuliza kwa nini hakuuliza, na mimi nilikuwa hatua sita tu kutoka pale. Akatazama viatu vyake.

"Niliogopa utaniigiza tena, shefu."

Bibi yangu alikuwa Mbemba wa ukoo wa Chui. Wabemba wana banungwe, koo zinazotaniana, na watani wa Chui ni watu wa Mbuzi. Siku ya msiba wake watu wa Mbuzi walifika wakasimama mbele ya maiti: "Ee Chui, leo nani amekula nani?" Watu walicheka huku machozi yanatoka, na hao hao watani ndio waliotangulia kushika kazi za mazishi. Nimeufikiria sana utani ule. Unakwenda pande zote mbili. Mbuzi anamrushia Chui, Chui anamrudishia Mbuzi, na hakuna anayeshika kalamu ya kumpa mwenzake alama. Mimi darasani nilikuwa na kalamu. Kijana yule angenirudishia nini? Ule haukuwa utani hata kidogo, ulikuwa mkubwa anamchezea mdogo.

Kwa sababu hiyo hiyo vichekesho vya kabila na vya namna mtu anavyotamka maneno ya nyumbani kwao haviingii kwenye atelye yangu, hata vikiletwa na wanafunzi wenyewe, hata mhusika akisema hajali. Mji huu una kumbukumbu. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai, yaani wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga na kuitwa bilulu, yaani wadudu, walikuwapo waliocheka.

Nilimwomba kijana msamaha mbele ya wote, maana ndipo nilipomkosea. Halafu nikatafuta mtu mwingine wa kuchekwa, nikampata: mimi mwenyewe.

Ndivyo alivyozaliwa Shefu Najua. Sisi wa Lubumbashi tumekulia na michezo ya kundi la Mufwankolo redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha mtaani, na mtu akijitokeza na koti lililomzidi mwili tunajua tukae vizuri. Shefu Najua anaingia kila Jumatano, saa nane kamili. Mimi ndiye ninayemcheza. Amevaa shati la nailoni, ambalo cheche ikilipata linayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Suruali ameichomeka ndani ya buti ili cheche ziwe na mahali pa kulala. Kiberiti cha gesi kiko mfuko wa kifuani. Badala ya maski ana miwani ya jua aliyonunua barabarani, kwa sababu yeye macho yake "yamezoea". Anabusu mashine, anawasimulia jinsi wazungu walivyomlilia asiache kazi, halafu anaanza kufanya kila kitu vibaya.

Kazi ya darasa ni moja tu: kumsimamisha. Kila kosa wanapiga kelele, na anayepiga kelele lazima aeleze kosa liko wapi na lingemfanya nini Shefu Najua. Asipoweza kueleza, Shefu anaendelea na majigambo yake. Nimegundua kwamba anayeshindwa kumrekebisha mwalimu anaweza kumrekebisha mpumbavu mwenye miwani ya jua, na akishazoea kwa huyo, siku moja atamwambia msimamizi wake wa kweli, "Shefu, samahani, hiyo nati ina mafuta." Mchezo huo ni dakika 15, si zaidi. Ukirefuka unakuwa sherehe.

Jambo la lugha nalitaja kwa kifupi. Karatasi zetu ni za Kifaransa na zitabaki hivyo, vijana watazikuta kazini. Lakini mtu hacheki kwa lugha anayoitafsiri. Naeleza kwa Kifaransa, tunacheka kwa Kiswahili, halafu tunarudi kwenye karatasi, na lile neno gumu sasa lina sura.

Kuna somo moja ambalo silichanganyi na utani kabisa, la kuingia ndani ya tangi. Gesi ya argoni ni nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji, haina harufu, haina rangi. Mtu anashuka, anaanguka bila kukohoa. Mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Siku hiyo Shefu Najua haji. Naongea taratibu, projekta imezimwa, na hakuna anayesinzia, kwa sababu wiki nne wamezoea kunisikia nikicheka na sasa wanajiuliza kuna nini.

Mwezi uliopita, Jumatano, nilipoteza sauti. Mafua ya mwezi wa saba, mnayajua, baridi na vumbi. Nikamwomba yule Papa aliyemdaka kijana mkono, ambaye siku hizi ananisaidia kufundisha, anicheze Shefu Najua. Akaingia na miwani ya jua na shati la nailoni, kila kitu mahali pake. Akachoma mshono, akauacha upoe kidogo. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mchezo wetu: akaipandisha ile miwani juu ya paji la uso, taratibu, kwa kidole kimoja, akainama akaanza kugonga lile ganda la juu ya mshono kwa nyundo ndogo, vipande vya moto vikiruka, huku akivuta kamasi na kusema "mm, mm" kama mzee anayeonja mchuzi.

Darasa likaanguka chini. Nami nikacheka, mpaka nilipoona hawamtazami yeye. Walikuwa wananitazama mimi, nimesimama pale kando ya meza, nyundo mkononi, miwani yangu ya kinga juu ya paji la uso.

"Kosa!" akapiga kelele kijana wa mbele.

"Eleza," nikamwambia kwa sauti ile iliyobaki, nikiishusha miwani.