Barua kwa mwanangu: Umeniuliza kama una haki ya kulia

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unasema tangu wewe na mkeo mlipokubaliana kuitoa ile mimba, yeye amerudi kazini na analala vizuri, lakini wewe unashtuka saa tisa za usiku na hujui uzito huo uupeleke wapi. Ukaniuliza: "Mama, nina haki ya kulia?"

Unayo. Nami nakujibu kama mtu aliyepita hapo. Kabla hujazaliwa, mimi na baba yako tulitoa mimba. Hatukuwahi kukuambia.

Siku ile mimi nilishusha pumzi. Usiku wake nikapata usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa wiki nyingi. Majonzi yalinijia baadaye, kidogo kidogo, ingawa uamuzi wenyewe sikuujutia. Baba yako alikuwa vingine. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, gizani, akiivaa na kuivua saa yake ya mkono. Nilikuwa nasikia kile kifungo, ta, ta, najifanya nimelala. Yeye aliogopa kwamba akisema ana huzuni nitadhani ananilaumu. Mimi niliogopa kwamba nikisema nimetua mzigo ataniona sina moyo. Tukaishi hivyo karibu miaka miwili. Kimya kile kilituumiza kuliko jambo lenyewe.

Kwa hiyo usimtazame mkeo ukidhani anaficha wazimu. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti mwaka 2008, kikaona kwamba mwanamke mtu mzima anayetoa mimba moja asiyoipanga, katika miezi 3 ya mwanzo, hayumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya akili kuliko anayeamua kuizaa. Wapo wanaoumia sana, na walio katika hatari zaidi ni wale walioshinikizwa, walioitaka mimba ile, waliolazimika kuificha, au waliokuwa na sonona tangu awali. Wanaume hawajachunguzwa vya kutosha, na hilo linanisikitisha, maana nilimwona mmoja kwa macho yangu.

Zungumza na mkeo, ila usimdai ahisi unavyohisi wewe. Mwambie una huzuni na humlaumu. Yote mawili kwa pamoja, usitangulize moja ukaliacha la pili. Baba yako aliniambia hivyo tukiwa tunaanua nguo. Nilikaa chini pale pale, shuka mkononi, nikalia mpaka likalowa tena.

Zikipita wiki huli wala hulali, nenda kwa mshauri nasaha. Wazo la kujidhuru likikujia, usingoje hata kesho: mwambie mtu, umwone daktari siku hiyo hiyo.

Barua hii nimempa baba yako aisome kabla sijaituma. Alikaa nayo muda mrefu. Anasema umpigie, saa yoyote, hata hiyo saa tisa ya usiku.

Mama yako